Kisahani cha Kumi na Saba

Kabati letu la Mpwapwa lina mlango usiofunga,
tumeuegemezea tofali.
Ndani, dawa za zamani zimekaa kama wastaafu
wanaosubiri mafao:
ya minyoo, ya malaria,
ya malale, lebo imepauka,
kila moja na ugonjwa wake kifuani.

Jumatatu Mwaluko, mkuu wa maabara, alisema:
"Dawa mpya ni miaka kumi na tano na mabilioni,
na mwenye mabilioni hafugi Kibakwe.
Tuwaulize hawa waliopo
kama wanajua kazi nyingine."

Nikazikumbuka katambuga zangu,
nilizoziacha mlangoni kwa sheria ya maabara:
tairi la lori lililochoka njia ya Morogoro,
likakatwa, likagongwa misumari mnadani Kongwa,
likarudi barabarani kwa mguu.

Kupe hana haraka.
Hupanda ncha ya nyasi, hunyoosha miguu ya mbele
kama anayeomba lifti.
Akishiba hudondoka, mnene, punje ya mbarika.
Alichokiacha nyuma nimekiona kwa darubini:
vijidudu umbo la pea, viwili viwili
ndani ya chembe nyekundu ya damu,
wapangaji wasiolipa kodi,
na siku ya kuhama wanabomoa ukuta.

Ng'ombe wa mama tulimwita Ada.
Maziwa yake yalinilipia muhula, na muhula mwingine.
Alikufa Januari, nyasi zikiwa zimeota,
mkojo rangi ya kahawa,
nami nilikuwa chuoni
nikijifunza kutamka jina la kilichomuua.

Basi nikadondosha.
Visahani ishirini na vinne, damu,
tone kwa tone.
Ya minyoo: kimya.
Ya malaria: walisitasita kidogo, wakaendelea.
Nyingine iliyeyusha hata chembe zenyewe,
mganga aliyechoma nyumba kumfukuza panya.

Kisahani cha kumi na saba.
Jana, katika chembe elfu moja, wagonjwa mia na nne.
Leo kumi na moja.
Nikahesabu tena,
maana jicho lenye tamaa halijui kutoa.
Kumi na moja.

Mwaluko aliinama juu ya darubini muda mrefu,
akainuka, akapangusa miwani kwa shati.
"Sechelela, kisahani si ng'ombe.
Kisahani hakina ini.
Hakinyonyeshi.
Bado panya, bado ndama, bado vibali,
na bado tuirudie yote hii wiki ijayo."
Lakini aliondoka bila kumalizia chai yake.

Nje, kwenye josho, mtu anawafokea ng'ombe
wanaoyaogopa maji.
Nimeishika chupa. Chini ya ugonjwa wake wa zamani
pana nafasi ya maneno mawili.
Nimeandika moja, na alama ya kuuliza,
kwa penseli.