Mbigili

Kopo la maziwa ya unga, hapa chini ya benchi,
limejaa mbigili. Siuzi. Situpi.
Kila tairi linaloingia kibandani kwangu Isevya
hulipa ushuru wa mwiba mmoja
kabla sijaligusa kwa solusheni.
Mteja akiuliza, namwambia:
hizi ndizo zilizolishinda jeshi la Mjerumani.
Anacheka. Nami nacheka, msasa mkononi.

Msimbila, babu yake baba yangu,
aliandikwa askari miaka miwili baada ya reli kuingia Tabora.
Baba yake alikuwa mpagazi: pembe begani,
Unyanyembe hadi pwani, pwani hadi Unyanyembe,
bega limeota sugu nene kama kwato.
Afande akamwambia Msimbila:
"Wewe hutabeba. Wewe utabebwa."
Akampa baiskeli nambari arobaini na moja,
bunduki ya kufungwa kwenye fremu,
pampu,
na kengele aliyoamriwa asiipige kamwe.

Walikuwa sitini.
(Baba alisema arobaini. Sibishani naye, ni marehemu.)
Wiki tatu walifundishwa chini ya boma,
wakidondoka kama mapapai,
watoto ukingoni wakihesabu: huyo! huyo tena!
Siku mtakayotumwa, wakaambiwa,
mtamfikia adui kabla ya vumbi lenu.

Njia ya Usoke haikusomewa amri.
Mchanga ulimeza rimu mpaka kwenye spoku,
na mbigili, zilizokauka tangu Julai,
zilikaa zimejipanga, pembe juu,
bila afande, bila mshahara.
Siku ya kwanza, matairi ishirini.
Siku ya tatu, hakuna kiraka.
Wakashindilia nyasi ndani ya mpira,
kisha matambara,
kisha kamba za magome ya miyombo,
na baiskeli zikatembea kama wazee wenye gauti.
Siku ya tano Msimbila aliinama,
akapitisha kichwa ndani ya fremu,
akaiweka pale pale
ambapo baba yake aliweka pembe.
Hakuna aliyemwamuru.
Bega lilikumbuka.

Mbelgiji alikuja kwa miguu, na alifika.
Wao wakarudi nyuma kuelekea Sikonge,
vyuma juu, watu chini.
Jioni karani alifungua daftari.
Baiskeli zilizopotea: saba, kumi na mbili, thelathini,
kila moja na nambari yake,
na hali ya mnyororo wake.
Watu: kijiti, kijiti, kijiti, kijiti,
na cha tano kimelazwa juu ya wenzake.

Hapa bibi Kalunde alikuwa akinyamaza.
Sijui kama alisahau
au alikuwa anahesabu.

Mto Wala ulikuwa mchanga mtupu.
Usiku Msimbila akachimba kwa kitako cha bunduki,
akamlaza Arobaini na Moja ubavu,
usukani ukielekea nyumbani,
akafukia.
Kisha, pale penye giza,
adui huku, afande kule,
akapiga kengele.
Mara moja tu.
Akaifungua, akaitia mfukoni, akatoka jeshini kwa miguu yake.

Ndiyo hiyo, juu ya mlango. Imeshika kutu, hailii.

Asubuhi ya leo kaja kijana wa Sikonge,
madumu mawili ya asali, tairi la nyuma limelala.
Nikamuuliza, umekuja nayo
au imekuja nawe?
Hakujibu. Alivuta kola ya shati
akanionyesha bega.

Nikageuza gurudumu polepole, nikapapasa mpira kwa kidole gumba
mpaka uliponichoma.
Kiraka mia tano, nikamwambia.
Mwiba utaniachia.