Ubao wa Funguo

Mnadani sikununua meza za marumaru,
wala kinubi kilichobakiwa na nyuzi tatu,
wala vitanda vya shaba waliovigombea wenye maduka wa Kordoba.
Nilinunua ubao: misumari mia mbili na arobaini,
kila mmoja na namba yake ya kaure.
Dalali akanitazama kama mtu anayelipia kivuli.
"Funguo hazimo, bibie."
Najua.

Hoteli Tramontana, Rosario, kwenye pembe
panaposikika bado honi za meli za nafaka mtoni.
Ferrando, mtu wa Jenova, aliijenga kwa pesa za ngano
akaipa jina la upepo uliompasua midomo utotoni,
upepo usiovuma huku.
Ghorofa sita. Vigae vilivuka bahari vimelazwa kwenye majani makavu.
Siku ya kufunguliwa mabomba yalikohoa matope
na mke wa gavana akaoga kwa maji ya soda.
Ndivyo alivyosimulia mama yangu,
ambaye siku hiyo hata mama yake hakuwa amezaliwa.

Chini kabisa, kwenye joto la tanuri,
wanawake thelathini walifua shuka.
Nélida Quiroga, mikono imeiva hadi viwikoni,
asubuhi moja aliweka sabuni chini.
Wakaiweka wote.
Siku tisa matajiri walilalia jasho la jana;
ya kumi, meneja alishuka mwenyewe ngazi
ambazo hakujua zina vidato vingapi.
Wakapata senti mbili, na dirisha.
Senti aliziongeza yeye.
Nélida alikuwa amedai dirisha.

Babu yangu Eleuterio aliendesha lifti.
Miaka thelathini na minane, juu, chini;
alipiga hesabu akaona amesafiri kuliko nahodha
na hajafika popote ila ghorofa ya sita.
Aliwajua watu kwa visigino vyao:
mchuuzi wa ng'ombe, maharusi wasiojua watazame wapi,
mwimbaji wa opera aliyelia kuanzia ya pili hadi ya tatu
akashuka ya nne akitabasamu.
"Lifti," alisema, "ni chumba asichokilipia mtu,
ndiyo maana humo watu huvua nyuso."

Kisha Julai ile, baridi ya kung'ata masikio.
Gari la kijani nje, injini haikuzimwa.
Walipanda watatu.
Walishuka wanne,
na wa nne hakuwa na viatu.

Chumba 412. Mirta Zubeldía, mwanafunzi wa usanifu majengo,
alilipa kwa mwezi, alikuwa akizichora ngazi zetu.
Ufunguo wake haukurudi.
Babu hakusema neno. Alikuwa na watoto wanne
na mdomo mmoja.
Ila katika daftari la matengenezo,
kati ya grisi na kamba mpya, kwa mwandiko wa kawaida:
*Saa tisa na dakika kumi usiku. Juu 3. Chini 4.*

Ilipita miaka ishirini na minane
ndipo hakimu alipovaa miwani akaisoma mistari ile kwa sauti.
Akamwuliza babu kama ana la kuongeza.
"Lifti ilisema kweli, mheshimiwa.
Aliyenyamaza ni mimi."
Akaomba maji. Glasi ikagonga meno yake,
ukumbi mzima ukasikia.

Sasa wanaigeuza fleti, na bwawa la kuogelea juu ya paa.
Palipokuwa dobi watanyanyua vyuma.
Nilimwuliza fundi kama dirisha litabaki.
"Dirisha gani?"

Ubao nimeutundika koridoni kwangu.
Unabeba miavuli, mkufu wa mbwa, mfuko wa vitunguu.
Kwenye 412 situndiki kitu.
Jana mvua ilinyesha, mwanangu akaingia akikimbia,
akaitundika kofia yake pale pale.
Nikainuka kuitoa.
Ilikuwa inadondoka maji,
tone, tone,
nikairudisha ikauke.