Vipimo vya Mheshimiwa

Daftari langu la vipimo lina ukurasa wake
tangu alipogombea mara ya kwanza:
Apaisaria Kileo. Bega, kumi na tano na nusu.
Kiuno nimekifuta mara tatu, sisemi.

Hapa hapa barazani, Moshi mjini, mbele ya duka la vitasa,
nilimshonea kitenge cha kampeni
chenye mifuko miwili mipana,
mmoja wa vikaratasi vya wapiga kura,
mmoja wa leso, maana alipanda juu ya kreti za soda
kule Kibosho, akasema mpaka koo likakauka:
Maji ya mlima yana mwenyewe, na mwenyewe si tajiri!
Wanawake wakapiga vigelegele.
Mimi sina sauti; niligonga mkasi kwenye bati.

Dodoma alikwenda na suti nne.
Usiku mmoja, kifungu cha kumi na tisa,
aliomba neno moja tu lirekebishwe:
palipoandikwa *na*, pasomeke *au*.
"Asiye na kibali, *au* aliyechepusha maji."
Aliwalenga wenye mashamba ya maua;
vibali wanavyo, makabati mazima,
na kwa *na* ile wangeponyoka.
Wanaoafiki waseme ndiyo. Wakasema.
Nilimsikia redioni huku natia vifungo.
Herufi mbili. Nani angegombana nazo?

Kisha akateuliwa jaji.
Jina la Mheshimiwa halikubadilika, kitambaa ndicho kilichobadilika.
Alileta cheusi, kizito, akasema: Usiweke mifuko.
Na leso?
Jaji hafuti jasho mbele za watu, fundi.
Miaka kumi na moja. Akapanda hadi Rufani.
Nikapunguza mabega; alikuwa amekonda.

Halafu Mzee Ndetaramo, shemeji wa mke wangu,
akakamatwa kwa mfongo uliochimbwa na babu yake.
Hakuchepusha tone. Alizoa majani, akatoa tope,
maji yakapita palepale yanapopita siku zote.
Ila kibali hakuwa nacho.
*Au.*

Tulikwenda Arusha na basi la alfajiri.
Majaji watatu; yeye katikati.
Kabla ya lolote akasema wazi:
Neno linalobishaniwa nililiweka mimi.
Kama yupo anayetaka nijitoe, aseme.
Wakili wa Jamhuri akatazama viatu vyake.
Mzee akasimama bila kuruhusiwa:
Aliyefunga fundo anajua lilipoanzia. Abaki.

Akabaki.
Hukumu ilitoka baada ya mvua za vuli,
ameiandika mwenyewe:
Maneno yakiwa wazi, mahakama haimuulizi mbunge
alikusudia nini moyoni.
Maneno haya yako wazi.
Rufani imetupwa.
Mwishoni, aya fupi, akaliomba Bunge
likitazame tena kifungu cha kumi na tisa.
Kuomba. Yeye, aliyekuwa akigonga meza.

Mzee alilipa faini kwa mbuzi wawili.
Hakumlaani. Alisema tu, Amesoma alichoandika.

Jumamosi iliyofuata Mheshimiwa alikuja barazani,
bila dereva, joho kwenye mfuko wa plastiki.
Nikadhani pindo. Nikachukua futi.
Niwekee mfuko, akasema.
Mmoja. Ndani, usionekane.
Wa nini?
Akawa anatazama mtaro wa barabara,
maji machafu yakishuka polepole kuelekea stendi.

Nikalamba penseli, nikaandika chini ya kiuno:
mfuko, mmoja, ndani.