Kisiki cha Hombolo

Siku tano nahesabu vidonge
kwenye dirisha la dawa, hospitali ya mkoa:
kutwa mara tatu, baada ya kula, usikatishe dozi.
Jumamosi sihesabu.
Napanda pikipiki ya Ndahani saa kumi na moja alfajiri,
ufito umefungwa kwa mpira wa tairi,
na baridi ya Juni inaniingia hadi kwenye meno.

Bwawa la Hombolo halina makuu.
Upande huu mizabibu, upande ule mbuzi,
katikati maji ya rangi ya chai ya maziwa
ambayo mtoto ameiacha ikapoa.

Nilianza kwa kiburi cha mwenye mshahara.
Nilinunua ufito wenye rola,
samaki wa plastiki wenye macho mekundu,
kofia yenye mifuko. Kofia!
Jumamosi tano nikapata jani, jani, ndala,
na jua.
Pembeni yangu Nyemo, darasa la nne,
na bua la mtama, uzi wa kushonea magunia,
donge la ugali alilolilainisha kwa mate,
anajaza ndoo perege
huku akinisimulia ugomvi wa shangazi zake.
"Unapiga kelele, dada."
Sijasema neno.
"Miguu yako inapiga kelele."

Basi nikavua. Viatu.
Ndivyo vya kwanza nilivyovua Hombolo.

Mengine yalikuja yenyewe.
Kambare, kwa mfano, husubiri umimine chai,
kikombe mkono huu, chupa mkono ule,
ndipo avute.

Kisha alikuwepo yule mkubwa.
Mbele ya jiwe la wafua nguo, hatua kama ishirini ndani,
kila nilipotupa alikamata, akatulia.
Hakukimbia, hakujipinda,
alikaa tu kama mtu aliyenuna
mpaka mshipi ukakatika.
Miaka miwili. Ndoana kumi na moja.
Kazini niliwaonyesha ukubwa wake kwa mikono,
na kila mwezi mikono ilizidi kuachana.

Yeremia Chilewa, fundi baiskeli,
anayevua hapa tangu ujana wake,
alicheka hadi akakohoa.
"Mimi sijapoteza ndoana tangu nioe."

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku mbili, ikasahau njia.
Kufika Oktoba bwawa lilikuwa limerudi nyuma
kama mdaiwa, hatua kwa hatua, bila kuaga.
Tope likakauka, likapasuka vipande vya sahani.
Nikatembea pale nilipozoea kutupa mshipi,
hatua kumi na nane, kumi na tisa,
nikamkuta.

Kisiki cha mgunga.
Cheusi, kimejiinamia kama mtu anayechambua mchicha,
kimevaa ndoana zangu zote kumi na moja
na samaki mmoja wa plastiki, macho yake bado mekundu.
Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Mbuzi wakaniangalia.

Kisha nikahesabu tena, maana kazi ni kazi.
Kumi na nne.
Tatu zilikuwa na kutu ya siku nyingi,
zimefungwa fundo la mara mbili kwa uzi wa kijani,
fundo ambalo Hombolo nzima hulifunga mtu mmoja.

Jioni nikapita kibandani kwake,
nikaziweka kwenye kopo lake la spoku.
"Mbukwa," nikasema.
Alizitazama muda mrefu.
"Mbukwa."
Akaendelea kuziba pancha.

Januari maji yalirudi usiku mmoja, na kelele,
na kisiki kikazama na siri zetu.
Sasa natupa kando yake, sio juu yake.
Chilewa amenisogezea ndoo yake niikalie,
hasemi kitu, ila mara moja moja:
"Kushoto kidogo."

Wiki iliyopita, kushoto kidogo, nilitoa kambare
wa urefu wa mkono wangu, bega hadi vidole.
Jumatatu niliwaonyesha kazini ukubwa wake halisi,
bila kuongeza hata ukucha.
Hakuna aliyeniamini.