Mizani ya Madureira

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Basi mimi, Dalvanira,
niliyekwenda kununua za mwenzangu kwa gramu
Jumamosi ya Machi, jua la Rio limenikalia utosini
pale palipobaki wazi,
nimepungukiwa na nini hasa?

Duka la kwanza lina mizani kama ya sonara.
Kijana Wanderley, mwenye kucha safi kuliko zangu,
alaza shungi la singa juu ya kisahani
taratibu, kama alazaye mtoto aliyechelewa kulala.
"Za kusini hizi, kwenye baridi. Bikira."
Maana yake hazijaonja dawa wala rangi.
Nikamuuliza, mwenyewe anaitwa nani?
Akacheka. Gramu mia na hamsini, mama,
utalipa mara kumi.

Duka la pili walinipa kahawa.
Mwenye saluni akaapa kwamba gundi yake
hukaa miezi minne, uoge, uogelee, ulie,
na alipoinama kunionyesha vipande vyake
wigi lake likateleza, kidogo tu,
nikaona panja limeng'aa kama kiganja.
Mganga hajigangi, najua.
Tukatazamana kiooni.
Hakuna aliyesema neno.
Akashusha bei.

Msinione mkaidi. Mimi nauza famasi ya kona,
miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta.
Mtu akiniuliza, dada, ipi ni nzuri?
mkono wangu hujua njia ya chupa yenye kamisheni
kabla kichwa hakijafikiri.
Sauti ile tamu, ile ya "ningekuwa wewe,"
naijua.
Naivaa kila asubuhi pamoja na koti jeupe.

Wa tatu yuko ghorofani, juu ya fundi wa mashine za kusagia juisi.
Hana bango. Iracilda,
mwanamke mfupi mwenye kipilipili cha mvi, chake mwenyewe.
Hakuniuliza nataka urefu gani.
Alinawa mikono, akanikalisha dirishani,
akanipapasa kichwa kimyakimya
kama mtu atafutaye swichi gizani.
Chini, mashine ikaunguruma, ikanyamaza.
"Nani alikubandika mara ya mwisho?"
Nikamtaja.
"Na kabla yake?"
Nikamtaja na huyo.
Akavuta unywele mmoja. Ukamfuata bila ubishi.
"Unataka kutundika koti la mvua
kwenye uzi wa buibui.
Mwone daktari wa ngozi. Urudi Agosti.
Usikaze kitu hapa, hata kilemba."

Nikasema mwanangu anaoa mwezi wa sita.
"Hongera."
Nikasema ndugu za bibi harusi ni watu wa kutazama,
wana picha, wana simu, wana macho.
"Basi watakitazama kichwa chako."
Nikasema nina pesa, nimeziweka tangu Krismasi,
nikazitoa, nikazihesabu mbele yake kama mpumbavu,
noti zenye harufu ya dawa ya kikohozi.
Akachukua za kuosha tu.
Za kuosha hakunipunguzia hata senti.

Ngazini nilimchukia.
Nilimchukia hadi kituo cha treni,
nikamchukia vituo vitatu.
Kisha nikagundua nimekaa na kitambaa mapajani
na upepo wa dirishani unanipita kichwani,
na binti wa mbele amenitazama, akarudi kwenye simu yake.

Jumatatu mteja aliniuliza, dada, ipi ni nzuri?
Mkono ukaanza safari yake.
Nikaushika.
Sisemi mengi; bosi alikuwepo,
na kodi ya nyumba haijui toba.

Shungi lile bado naliota, sitawadanganya.
Linalala kisahanini, jeusi, zito, la mtu.
Na huko kusini, kwenye baridi,
msichana nisiyejua jina lake
anapeleka mkono kisogoni kukusanya nywele aoshe uso,
mkono unapita
hewani tu.