Mwenye Moyo Mmoja na Mwenye Mitatu

Kaka yangu Chilumba kaja toka Milola,
goti halikunjiki, mihogo begani,
akanikuta uani Chikongola nasafisha ngisi wa Feri,
kilo moja na nusu,
wino umeniingia kuchani.

"Hiyo," akasema, "ni kamasi yenye macho.
Mnyama ni yule aliyepanda dungu langu."

Nikamwambia ya melini,
mwaka ule nilipowapikia wapima gesi:
usiku nimepeleka chai chumba cha skrini,
kamera imeshuka mita elfu mbili,
kule ambako mchana haujawahi kutumwa.
Akatokea. Mwekundu,
kisha si mwekundu, kisha hayupo,
kisha jicho, pana kama sahani ya pilau.

Chilumba hashindwi kwa maneno.
Simba ana kucha.
Na huyu anazo, kaka: mkononi, ndani ya vikombe,
ndoano zimejikunja, zinangoja kushika.
Simba macho yake huwaka.
Huwaka kwa tochi yako! Mwanga wa kuazima.
Huyu hujiwashia mwenyewe, akichoka huzima.
Simba ana moyo.
Mmoja. Huyu anayo mitatu,
na damu ya buluu kama wino wa karani.

"Basi koo. Simba humeza mnofu na mfupa wake."

Hapo nikanyamaza,
maana ngisi ubongo wake umezunguka koo
kama kanga shingoni;
tonge kubwa lingemtia wazimu.

"Goli," akasema Chilumba.

Paka wa Mama Somoe akapita chini ya meza,
akaondoka na kichwa na mikono yote.
Tulicheka, tukamtupia kandambili, tukakosa.

Baadaye akauliza, polepole,
"Alikutazama?"

Alitazama taa. Akaiacha.
Hajui kuna Mtwara.
Hajui kuna watu, wala tuna harufu gani.
Nilitoka mle na birika limejaa,
sikukumbuka kummiminia mtu.

Kaka akashusha suruali
ikafunika ile mistari minne ya muundini.
"Wangu ananijua," akasema.
"Usiku ule alipita madungu mawili yenye watu
akaja langu."
Alisema kama anayemtaja shemeji.

Nikapuliza mkaa.
Ngisi aliyebaki akajikunja kwenye mafuta,
akawa mweupe.
Chilumba hakuonja.