Futikamba

Walikuja Alkhamisi, alasiri imeshaswaliwa,
sheha mbele, kijana wa manispaa na faili lake,
wakapiga hodi: "Bi Nasra, una futikamba?"
Futikamba ninayo. Inaning'inia shingoni
tangu nilipokuwa mwanagenzi,
tarakimu zimefutika; ya ishirini na mbili
naijua kwa doa la wino.
Nimeipimia mabega, viuno vya maharusi,
na sanda, mara mbili.
Njia sijapata kuipima.

Tukashuka Sokomuhogo, kundi la watu kumi na nne:
Zuwena kwenye kiti chake cha magurudumu,
Mzee Makungu na fimbo yake nyeupe,
watoto wa chuoni na chaki mkononi.
Penye shimo, duara.
Penye ngazi, mstari.
Mtaro usio kifuniko wakauchorea meno.

"Ramani tunayo ofisini," kijana akasema.
"Ramani hiyo," Zuwena akamjibu,
"ndiyo iliyojenga mteremko wa zahanati,
umesimama wima kama mnazi,
na ukifika juu, unakutana na nguzo ya umeme.
Aliyeuchora alimpima nani?"

Nikacheka peke yangu.
Nguo ya kukisia, siku zote, hubana kwapani.

Kijana akataka kukaa kwenye kiti, ajionee.
"Kiti hiki ni miguu yangu," Zuwena akasema.
"Ukitaka kujua, niulize."
Akauliza. Akaandika. Faili likaanza kuwa na faida.

Kati ya vespa ya Hafidhi na mtaro: inchi ishirini na tatu.
Kiti cha Zuwena: ishirini na sita.
Hafidhi akaiondoa vespa, akaomba radhi,
magharibi akairudisha.

Sheha akasema, basi, tusawazishe yote,
ukuta kwa ukuta, laini kama sinia.
Mzee Makungu akaigonga fimbo kwenye baraza:
"Musinifutie ukingo!
Ukingo huu ndio kamba yangu.
Mukilainisha kila pahala
nitajuaje nimefika kwa Bi Mize,
nitajuaje mtaro unanisubiri wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.
Hata Zuwena. Akakisogeza kiti, akamwelekea:
"Haki yako, mzee. Sitaki raha yangu iwe shimo lako."
Tukabishana mpaka kahawa ya Bi Mize ikaisha,
akapika nyingine.
Mwisho: katikati laini, na ubavuni mwa ukuta
mawe ya kukwaruza, upana wa shubiri mbili,
fimbo iyasome.
Pindo, nikawaambia. Hilo linaitwa pindo.

Kisha tukafika kwangu.

Mtoto akainama, akasoma kwa sauti:
"Inchi saba."
Ngazi moja tu, ya mlango wa duka.
Miaka tisa nimempima Zuwena nje,
kifua, kiuno, mbele ya wapita njia,
wengine wakikohoa, wengine wakipunguza mwendo,
nami nikijiona muungwana kwa kumtokea mlangoni.
Hakusema. Sikuuliza.

"Kila inchi moja ya kupanda," kijana akahesabu,
"inataka kumi na mbili za mteremko. Saba ni futi saba."
Njia haina futi saba za kunipa.
Wote wakanitazama, kisha wakatazama kwengine.
Nikasema: basi tuishushe sakafu.

Mwezi mzima nimeshonea ukumbini kwa dada yangu.
Mwashi kaiacha sakafu imelala upande,
kibobini kikianguka kinakimbilia mlangoni,
na mfereji aliouchimba wa kumeza masika
bado hatujaujaribu.
Mtaani mawe yamewekwa mpaka kwa Bi Mize, yakakoma;
fedha, wanasema, robo ya pili.
Vespa ipo pale pale.

Lakini mkesha wa Idi Zuwena aliingia,
hakubebwa, hakusukumwa,
akageuza kiti katikati ya vitambaa,
akalitazama dari langu bovu kama mgeni wa heshima.
"Funga pazia," akasema.
Nikalifunga.
Nikampima taratibu, kama sijapata kumpima.
Vipimo vyangu vyote vya zamani
vilikuwa vimekosea.